Mwongozo kamili: kugeuza ghala la zamani la bandarini bila lipu kudondoka masika ya kwanza

Swali linalorudi kila mwaka ni lile lile. Mtu kapanga ghala la mawe karibu na maji, iwe Mombasa, Tanga, Bagamoyo au Unguja. Kalisafisha, kapiga lipu ya saruji, kapaka rangi ya plastiki, kafungua mkahawa au ofisi. Kabla masika hayajaisha rangi imefura malengelenge, unga mweupe umejaa chini ya ukuta na lipu inashuka vipande vipande juu ya meza za wateja. Anaita fundi mwingine, fundi anaongeza saruji. Inashuka tena, safari hii pamoja na jiwe.

Ghala lile lilijengwa kuweka karafuu, mbata, nafaka au ngozi. Ukuta wake wa matumbawe na chokaa hunywa maji na kuyatoa, mwaka hadi mwaka. Ukiuziba kwa saruji maji hayapotei. Yanapanda juu zaidi au yanatokea upande wa pili, na popote yanapokaukia yanaacha chumvi. Ndiyo maana kazi hapa inakwenda hivi: maji kwanza, chumvi pili, urembo mwisho.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Vya uchunguzi: tepu ya mita 30, timazi, tochi kali, bisibisi ndefu, nyundo ndogo, penseli, vipande vya kioo chembamba, karatasi ya nailoni na gundi ya utepe. Ongeza maji ya kuongezea betri (maji, si asidi) na chupa ndogo ya nitreti ya fedha, dawa ya kupimia chumvi, kutoka kwa wauza vifaa vya maabara.

Vya kazi: chokaa ya mawe iliyochomwa, mapipa ya plastiki yenye vifuniko, mchanga wa mtoni uliooshwa, vumbi la matofali ya kuchoma, vipande vya matumbawe vya kuzibia mashimo, tindo, mwiko, chujio, magunia ya katani na brashi ngumu za nailoni. Brashi za waya ziache dukani, huacha vipande vya chuma ukutani vinavyoota kutu.

Vya usalama: miwani inayofunika macho pande zote, glavu za mpira, barakoa za kuzuia vumbi laini (FFP2), mirunda na mbao za kuegemeza, na ndoo ya maji safi ambayo haitumiki kwa kazi nyingine yoyote ila kuosha macho.

Mchanga wa ufukweni usiuguse hata ukipewa bure. Utakuwa unanunua chumvi mpya ya kutia kwenye ukuta unaoutibu.

## Hatua ya 1: Maliza makaratasi

Jua mwenye jengo ni nani hasa: mamlaka ya bandari, halmashauri, wakfu au mtu binafsi. Maghala mengi ya pwani yana mwenye kiwanja na mwenye kuta tofauti, na mkataba uliosainiwa na mmoja haukulindi na mwingine.

Kisha vibali. Mji Mkongwe wa Zanzibar uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000, Mji wa Kale wa Lamu tangu 2001. Huko hata kubadilisha dirisha kunahitaji ruhusa. Zanzibar utaanzia kwenye Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Mombasa na Lamu utaanzia kwenye ofisi za uhifadhi zilizo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Tanzania bara ulizia watu wa Mambo ya Kale pamoja na halmashauri, wala usichukulie kwamba jengo lililochakaa halijaorodheshwa.

*Onyo:* kama mwenye jengo hataki kukupa zaidi ya miaka mitatu, usitie pesa ukutani. Nunua meza, viti na taa ambavyo utaondoka navyo.

*Umefaulu ikiwa:* mkataba unataja kwa maandishi nani anatengeneza paa, nani kuta, na nani analipa kama kazi ikisimamishwa na mamlaka.

## Hatua ya 2: Lichunguze jengo, na usikose siku za bamvua

Pwani yetu maji ya bamvua hupanda na kushuka karibu mita 4. Ghala lililo kando ya gati linaweza kuwa kavu wiki nzima, kisha sakafu ikaota unyevu mwezi unapokuwa mpevu au mwandamo. Fundi aliyekuja kutazama siku za maji mafu, bahari isipojaa sana, ataapa kwamba hakuna tatizo, na hasemi uongo.

Nenda wakati wa bamvua, maji yakiwa yamejaa. Bandika karatasi ya nailoni ya sentimita 50 kwa 50 sakafuni na nyingine ukutani, uzibe kingo zote kwa utepe, uziache siku mbili. Matone yakikaa upande wa ndani, uliogusana na ukuta, unyevu unatoka kwenye jengo lenyewe. Yakikaa upande wa nje, ni jasho la hewa tu, na dawa yake ni kufungua madirisha.

Chora mstari wa penseli mahali unyevu unapoishia ukutani, uandike tarehe. Rudia bamvua lijalo.

Nyufa. Bandika kipande cha kioo chembamba juu ya ufa kwa plasta ya jasi, pande zote mbili. Kioo kikipasuka, ukuta bado unatembea, na hiyo ni kazi ya mhandisi kabla ya kuwa kazi ya mpiga lipu. Ufa mpana juu kuliko chini mara nyingi husema paa linasukuma kuta nje. Shusha timazi uhakikishe.

Boriti. Boriti za mikoko huoza pale zinapoingia ukutani, mahali usipopaona. Katikati itakuwa imara kama siku ilipokatwa. Choma kila ncha kwa bisibisi. Ikiingia sentimita 2 bila kupigwa nyundo, boriti hiyo imekwisha. Tazama pia mistari ya udongo ya mchwa.

Kilichowekwa humo. Waulize wazee wa mtaa na wachukuzi wa zamani. Ghala la mbata lina mafuta sakafuni. Ghala la mbolea lina chumvi nyingine kabisa, kali kuliko ya bahari. Lililowekwa viuatilifu au ngozi mbichi usilifagie wala kukaribisha watu mpaka afisa wa afya alione, kwa sababu kuna mabaki ambayo hayaishi kwa miaka mingi.

*Onyo:* usifanye kazi chini ya sakafu au ukuta unaoutilia shaka kabla ya kuuegemeza. Beit al-Ajaib ya Unguja, jengo la 1883, iliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katikati ya ukarabati, na watu wakafa. Mirunda ni rahisi kuliko kila kitu kingine kwenye orodha yako.

*Umefaulu ikiwa:* una mchoro wa jengo wenye vipimo, na juu yake umeweka alama za kila ufa, kila ncha mbovu ya boriti na kimo cha unyevu.

## Hatua ya 3: Acha jengo lichague kazi

Hapa ndipo pesa nyingi huangukia shimoni. Mtu anakuja na mkahawa kichwani, analazimisha jengo liwe mkahawa.

Angalia upana. Boriti ya mkoko huvuka mita 2.5 hadi 3 tu, ndiyo maana vyumba vya juu ni virefu na vyembamba. Vyumba hivyo ni karakana, madarasa, ofisi ndogo. Kuvunja ukuta wa katikati ili upate ukumbi ni kuondoa kitu kinachobeba sakafu ya juu.

Angalia uzito. Kwa kumbi za watu waliosimama wahandisi hukadiria kama kilo 500 kwa kila mita ya mraba. Sakafu ya chini ya ghala hubeba hayo bila shida, ilibeba magunia. Sakafu ya juu ya boriti usiikisie. Ngoma na harusi ziwe chini.

Forodha ya zamani pale Forodhani, Unguja, ilichukuliwa na chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, na ukitazama utaona sababu: muziki unahitaji vyumba vingi vyenye kuta nene, na jengo lilikuwa navyo tayari. Wenye pesa za Cape Town walifanya kinyume. Ghala la nafaka la bandarini la 1924, lenye mitungi 42 ya zege, lilikatwa tumbo kwa misumeno likawa jumba la sanaa la Zeitz MOCAA, lililofunguliwa 2017. Picha zake ni nzuri mno, na zimewatia wengi tamaa. Zege inakubali kukatwa na kuimarishwa upya kama bajeti ipo. Ukuta wa matumbawe ukiutoboa hovyo unamwagika.

Kama lazima upate ghorofa ya ziada, jenga fremu ya mbao au chuma inayosimama kwa miguu yake sakafuni, isiyogusa kuta. Ukihama, inafunguliwa.

*Umefaulu ikiwa:* matumizi uliyochagua hayadai kuvunja ukuta hata mmoja unaobeba.

## Hatua ya 4: Zuia maji ya juu

Anza Januari au Februari, kaskazi ikivuma na mvua zikiwa mbali. Paa likibaki wazi Machi, masika itakukuta nje.

Badilisha mabati yaliyotoboka, kaza makenchi, kisha weka gata na bomba la kushusha maji mbali na msingi. Maghala mengi ya zamani hayana gata, maji humwagika chini ya ukuta mvua zote. Nusu ya "unyevu unaopanda" ambao watu huulalamikia unaanzia hapo. Misumari na bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu, na usichanganye metali mbili tofauti kwenye hewa ya chumvi, moja itaila nyingine.

Boriti mbovu zitoe moja moja, ukiegemeza kwanza jirani zake. Mikoko iwe ya kibali. Ukikosa, mbao ngumu iliyotibiwa inafaa. Acha nafasi ya hewa kuzunguka ncha ndani ya tundu, usiijaze saruji.

*Umefaulu ikiwa:* umemwaga maji ya mpira juu ya paa kwa nusu saa na ndani hakuna tone.

## Hatua ya 5: Ondoa saruji, kisha chumvi

Toa lipu yote ya saruji, kuanzia chini hadi nusu mita juu ya mstari wa penseli uliouchora. Tumia tindo na nyundo nyepesi, ukielekeza tindo ubavuni mwa lipu. Mashine ya kubomolea hutikisa udongo na chokaa vilivyo katikati ya ukuta. Jiwe likitoka na saruji, liweke kando, utalirudisha kwa chokaa.

Uache ukuta uchi. Wiki chache hazitoshi, upe msimu mzima wa kiangazi ikiwezekana. Wapangaji wengi hukata tamaa hapa, kodi inasoma na ukuta unatazamana nao. Tumia muda huo kufanya paa, vibali na umeme.

Unga mweupe unaotokeza ufagie ukiwa mkavu, uukusanye kwenye kizoleo na kuutupa nje ya jengo. Usiuoshe kwa mpira wa maji. Chumvi itayeyuka, itarudi ndani, utaiona tena wiki ijayo.

Kisha bandika dawa. Loweka karatasi nyeupe zisizo na wino kwenye maji safi ya kunywa mpaka ziwe rojo. Lowesha ukuta kidogo, bandika rojo hiyo unene wa sentimita 2, uiache mpaka ikauke kabisa na kuanza kujibandua. Maji yanapokauka hutoka na chumvi, nayo hubaki kwenye karatasi. Tupa, rudia.

Kupima: kwangua kijiko kimoja cha unga wa ukuta kutoka kimo cha goti, koroga kwenye nusu glasi ya maji ya betri, chuja. Dondosha matone mawili ya nitreti ya fedha. Yakifanya wingu zito jeupe, chumvi bado ni nyingi. Fanya vivyo hivyo kwa unga wa mita 3 juu, ulinganishe. Usitumie maji ya bomba kwa kipimo hiki, yana kloridi zake. Nitreti hiyo huchora ngozi alama nyeusi, vaa glavu.

*Umefaulu ikiwa:* wingu la chini limekaribiana na la juu. Kuisha kabisa haitaisha, bahari iko mlangoni.

## Hatua ya 6: Lipu ya chokaa

Sehemu hii ndiyo watu huikimbilia, na ndiyo huharibika kwa haraka ya siku mbili tatu.

Kuloweka chokaa. Jaza pipa maji nusu, kisha tia chokaa kidogo kidogo huku ukikoroga kwa mti mrefu. Chokaa huingia majini, kamwe usimwage maji juu ya rundo la chokaa: huchemka ghafla na kuruka usoni. Miwani ivaliwe hata na anayepita tu. Ikipoa, ichuje, iache imefunikwa na maji kwa wiki tatu angalau. Miezi mitatu ni bora. Itakuwa nzito na laini kama samli, isiyo na punje ukiisugua vidoleni.

Ukikosa chokaa ya mawe, chokaa ya mfuko ya ujenzi inafaa, lakini nayo iloweke siku kadhaa kabla ya kuchanganya. Chokaa ya kilimo usiinunue. Hiyo ni mawe yaliyosagwa bila kuchomwa, haishiki milele.

Kuchanganya. Kipimo 1 cha chokaa kwa 3 vya mchanga, kwa ndoo, si kwa macho. Upande unaopigwa na bahari, punguza nusu kipimo cha mchanga na uweke nusu kipimo cha vumbi la matofali, lipu itashika hata kwenye unyevu. Kanda sana, ponda kwa mchi wa mbao. Usiongeze maji, chokaa ina maji ya kutosha. Fundi akikuomba "saruji kidogo tu ya kushikia", kataa kwa upole na usiondoke eneo la kazi mchana huo.

Kupiga. Nyunyizia ukuta maji mpaka uache kunywa, kisha ngoja maji yanayong'aa yapotee. Tupia lipu ya kwanza kwa mwiko, nyembamba, milimita 5 hadi 8. Ya pili isizidi milimita 12. Mashimo makubwa yajaze kwanza kwa vipande vya matumbawe, kwani chokaa nene hupasuka. Kila tabaka likwaruze ili linalofuata lishike.

Kati ya tabaka na tabaka ngoja siku 5 hadi 10. Kidole gumba kisiweze kubonyeza, ukucha uweze kukwaruza. Muda wote huo magunia mabichi yaning'inie mbele ya ukuta, yaloweshwe asubuhi na jioni. Chokaa hushika kwa kuvuta hewa huku ikiwa na unyevu. Jua na upepo vikiikausha ghafla inabaki unga, na hakuna cha kuirudisha. Kipindi kizuri ni Juni hadi Agosti, kipupwe, jua likiwa pole.

Mwisho paka chokaa ya maji, tabaka nne au tano nyembamba. Rangi ya plastiki inafuta kazi yote uliyofanya.

*Onyo:* futi tatu za chini zihesabu kuwa lipu ya kafara. Itanyonya chumvi iliyobaki na utaibandua baada ya mwaka mmoja au miwili. Iweke kwenye bajeti tangu leo ili usidhani umeshindwa.

*Umefaulu ikiwa:* baada ya mwezi ukigonga kwa kifundo cha kidole sauti ni moja kila mahali, na ukipitisha kiganja hakitoki na unga.

## Hatua ya 7: Sakafu

Usimwage zege juu ya nailoni ukuta hadi ukuta. Unyevu uliokuwa ukitoka sakafuni utasukumwa kwenye kuta zako mpya. Tandika kokoto kavu zisizo na mchanga, sentimita 15, juu yake zege ya chokaa au mawe bapa yaliyoungwa kwa chokaa. Ukikuta tayari kuna zege nzuri, kata ukanda wa sentimita 20 kandokando ya kuta zote, uujaze kokoto. Ukanda huo hukausha ukuta kwa gharama ndogo sana.

## Hatua ya 8: Umeme, moto, choo

Nyaya zipite kwenye mabomba yaliyo juu ya ukuta. Kuchimba mifereji ndani ya matumbawe hudhoofisha mawe, na unyevu utazifikia nyaya.

Ghala lina mlango mmoja mkubwa kwa sababu lilikuwa likilinda mali, na mlango huo hufungukia ndani. Watu wakikimbia moto watajibana hapo. Tafuta njia ya pili ya kutokea, fungua dirisha lililozibwa ikibidi, na mlango wa zamani ushikiliwe wazi kwa ndoano saa zote za kazi. Waite zimamoto waone mchoro kabla hujajenga.

Choo na jiko viwe chini, upande wa ukuta wa nje, kamwe si juu ya boriti. Madirisha ya juu yaliyozibwa yafungue, weka wavu wa ndege. Joto la bati litatoka huko na utahitaji feni tu mahali ambapo ungeweka viyoyozi vitatu.

## Kama lako ni banda la chuma au zege

Gonga zege kwa nyundo. Mlio mtupu au mstari wa kutu maana yake nondo zimevimba ndani. Kuziba kwa saruji juu ya kutu hakudumu, lazima ukate mpaka nyuma ya nondo, usugue, kisha uzibe. Nguzo za chuma zichunguze chini kabisa, pale zinapoingia sakafuni, maana maji ya kuosha sakafu husimama hapo.

Paa la kijivu la mawimbi, lisilo bati na lililowekwa miongo kadhaa nyuma, lichukulie kuwa ni asbesto mpaka maabara iseme vingine. Usiikate, usiitoboe, usifagie vumbi lake. Usipande juu yake, huvunjika bila kulia. Kama ni nzima na haijachakaa, kuiacha ilivyo mara nyingi ni salama kuliko kuishusha. Ikibidi iondoke, zungumza kwanza na mamlaka ya mazingira ya Kenya, Tanzania bara au Zanzibar kuhusu mkandarasi na mahali pa kuizika. Siku ya kazi vigae vya paa hilo huloweshwa, hushushwa vikiwa vizima na hufungwa nailoni mara mbili, na wewe udai karatasi ya jalala inayoonyesha vilipokelewa.